Mbwa wa Rubani

Sajini Hudson Simiyu alistaafu jeshi la Kenya akiwa bado na nguvu zake. Karibu miaka yake yote ya utumishi aliimaliza katika kikosi cha mbwa wa kunusa mabomu. Alitembea nao kwenye barabara za vumbi za Somalia, mbwa mbele, yeye nyuma ameshika kamba, na msafara mzima wa magari ukingoja kwa mbali mpaka ainue mkono kuonyesha kwamba njia ni salama. Alipovua magwanda alirudi kwao Chwele, akakaa miezi kadhaa akitazama mahindi ya kaka yake yakikomaa. Kisha akampata wakala aliyempeleka Dubai kufanya kazi ya ulinzi, kama walivyofanya wengi aliostaafu nao.

Kampuni ilimpanga kwenye geti la mtaa mmoja wa villa huko Mirdif. Aliinua kizuizi na kukishusha, aliandika namba za magari ya wageni, alisema good morning sir, good morning madam. Alilala Muhaisnah, kwenye chumba cha vitanda vya ghorofa, na basi la kampuni lilimpeleka kazini na kumrudisha. Hakulalamikia chumba wala chakula, maana alishawahi kulala pabaya zaidi. Kilichomsumbua hakuweza kumweleza mtu. Mchana kutwa watu walipita mbele yake na hakuna hata mmoja aliyehitaji kitu alichokijua yeye.

Jairus, waliyelala chumba kimoja, ndiye aliyemwambia habari za darasa. Wanajeshi wastaafu kutoka Kenya, Tanzania na Uganda walikuwa wakikutana Jumapili alasiri huko Al Nahda, kwenye chumba cha juu cha mkahawa wa Wakenya, kujifunza namna ya kuanzisha biashara ndogo. Waliokwisha kufanikiwa waliwafundisha wanaoanza, na kila mwanafunzi alipewa mshauri wake wa kumfuatilia. Hudson alienda akiwa amepiga pasi shati na kung'arisha viatu. Aliketi mstari wa mbele.

Sheria ya kwanza ya darasa ilikuwa kwamba vyeo vinaachwa mlangoni. Aliyeitamka ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kawaida, Virginia Mumbua, aliyewahi kuwa koplo katika kikosi cha uchukuzi. Alikuja Dubai kama mfanyakazi wa nyumbani, akafua nguo za watu kwa miaka, kisha akaajiriwa kwenye kiwanda cha kufulia. Sasa alikuwa na kiwanda chake mwenyewe huko Al Qusais, chenye leseni na mashine za kutosha, kilichofua sare za walinzi na mashuka ya hoteli ndogo. Wakati wa kugawa washauri, jina la Hudson liliangukia kwake.

"Hudson," alimwita, "wewe unataka kuuza nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwa mtu aliyekuwa chini yake kicheo kumwita kwa jina tupu. Alihisi kama amevuliwa kofia mbele za watu. Hata hivyo alijibu. Alisema anataka kufundisha mbwa. Mirdif watu wenye pesa walikuwa na mbwa wakubwa wasiojua kuketi wala kungoja, na yeye angeweza kumnyoosha mbwa yeyote kwa muda mfupi. Darasani wengine walicheka kidogo. Virginia hakucheka. Alimwambia wazo ni zuri, akampa masharti mawili. La kwanza, asiguse mbwa wa mtu mpaka awe na kibali, kwa kuwa kufanya kazi nje ya kafeel wako, mwajiri aliyekudhamini viza, ni kosa na watu wamerudishwa kwao kwa mambo madogo kuliko hayo. La pili, kabla ya kufikiria chochote kingine, azungumze na watu wanaoishi na mbwa. Asizungumze na wenye mbwa peke yao. Azungumze na kila aliye ndani ya nyumba hizo, ajue mbwa anawasumbua vipi.

Hudson aliitikia. Moyoni aliona ni kupoteza wakati. Yeye mbwa alikuwa anawajua, na huyu dobi alikuwa akimtuma kuzunguka akiuliza maswali kama mtu wa sensa.

Kwenye mtaa aliolinda kulikuwa na rubani wa ndege, Mzungu mrefu mwenye mke na watoto wawili, aliyekuwa ameleta mbwa wa aina ileile ambayo Hudson aliishika jeshini: mwili mwembamba, uso mweusi, macho yasiyotulia. Alimwita Zeus. Rubani alikuwa safarini mara nyingi, na mkewe alikuwa na kazi ya ofisi na watoto wa kupeleka shule, kwa hiyo kila asubuhi aliyemtoa mbwa nje alikuwa mfanyakazi wao wa nyumbani, msichana wa Kitanzania. Alipita getini akivutwa, miguu ikiteleza, kamba ameizungusha mkononi mara mbili. Hudson alimsalimu, "Habari ya asubuhi, dada," naye aliitikia, "Nzuri, kaka," bila kusimama, kwa kuwa hakuweza kusimama.

Asubuhi moja kamba ilimponyoka. Zeus alimkimbilia kijana wa pikipiki aliyekuwa ameleta chakula, naye akaacha pikipiki ianguke. Hudson alitoka kibandani akatoa amri moja, kwa sauti ya kazini aliyokuwa hajaitumia tangu astaafu. Mbwa alisimama. Alipotoa amri ya pili, aliketi. Rubani, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani, aliyaona yote kutoka mlangoni pake. Alikuja getini na viatu vya ndani, akamuuliza Hudson amejifunza wapi.

Walikubaliana palepale. Jioni, zamu ikiisha na kabla basi halijafika, Hudson angeingia uani kumfundisha Zeus. Rubani angemlipa mkononi. Hudson alikumbuka sharti la Virginia, akajiambia kwamba hii bado si biashara, ni kumsaidia jirani tu.

Zile jioni zilimrudishia kitu. Zeus alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mbwa wengi aliowahi kuwashika, na baada ya muda mfupi alikuwa akitembea kando ya goti lake bila kamba kukazika. Watoto walitazama kutoka dirishani. Rubani, alipokuwepo, alisimama na glasi yake mkononi akitabasamu. Siku moja akauliza kama mbwa wa jeshi hufundishwa kukamata mtu. Hudson akasema ndiyo, wapo wanaofundishwa. Rubani akataka kuona.

Hapo Hudson angeweza kukataa. Alijua mbwa wa nyumbani hafundishwi hivyo. Lakini kulikuwa na mtu mbele yake anayetaka kuona alichokijua, na hilo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu. Alichukua gunia, akalizungusha kwenye mkono wa kushoto tabaka juu ya tabaka, akalifunga kwa kamba, akautikisa ule mkono. Zeus aliuelewa mchezo mara ya kwanza tu. Aliruka, akauma gunia, akaning'inia, akaachia alipoambiwa. Rubani alipiga makofi. Baada ya hapo walifanya hivyo kila alipokuwa nyumbani, na mara mbili alialika marafiki waje watazame. Msichana wa kazi saa hizo alikuwa jikoni akipika chakula cha watoto. Alisikia vicheko tu.

Darasani Virginia alimuuliza amezungumza na nani. Hudson alisema amezungumza na familia moja, watu wote wa nyumba, na wameridhika. Alilisema kwa uso mkavu, kama anayetoa ripoti. Virginia alimtazama kidogo, kisha akamgeukia mwanafunzi aliyefuata.

Ajali ilitokea mchana wa siku ya kazi, rubani akiwa Australia na mkewe ofisini. Upepo wa mchanga ulikuwa umeanza, na msichana alitoka haraka uani kuanua nguo. Mikono ilikuwa imejaa, kwa hiyo taulo kubwa la kuogea alilizungusha kwenye mkono wa kushoto ili apate nafasi ya kubeba mashuka. Zeus alikuwa amelala kivulini. Aliinua kichwa akauona ule mkono.

Hudson aliisikia sauti kutoka getini. Aliacha kizuizi kikiwa juu akakimbia. Alipofika uani msichana alikuwa ameanguka chini, na mbwa ameuma mkono, ananing'inia kwenye taulo jinsi alivyofundishwa, bila hasira yoyote, mkia ukicheza. Hudson alitoa amri. Mbwa aliachia mara moja, akaketi, akamtazama Hudson akingoja kusifiwa.

Taulo lilikuwa limezuia sehemu, si yote. Hudson alifanya alichokifanya mara nyingi kando ya barabara za Somalia: alikaza kitambaa juu ya jeraha, akauinua mkono, akamsemesha majeruhi ili asizimie. Alimwambia, "Dada, niangalie mimi. Usiangalie mkono." Gari la wagonjwa lilipofika aliwaeleza wahudumu kwa ufupi na kwa usahihi, na mmoja wao akamuuliza kama yeye ni muuguzi. Alisema hapana, ni mlinzi.

Jioni ile mke wa rubani alirudi kutoka hospitali akaja getini na simu mkononi. Mumewe alikuwa kwenye laini. Rubani alizungumza kwa upole na kwa haraka. Alisema polisi watauliza, ni kawaida, hospitali lazima iwaarifu. Alisema mbwa huyu hajawahi kumuuma mtu, kwa hiyo bila shaka msichana alimchokoza, labda alimpiga, wafanyakazi wengine wana chuki na mbwa. Alisema hakuna haja ya kutaja michezo ya jioni, kwa sababu ikitajwa, Hudson mwenyewe ndiye atakayepata matatizo makubwa kuliko wote. Alisema anamfikiria Hudson.

Hudson alijibu, "Yes, sir," akarudisha simu.

Hakufika na basi hadi Muhaisnah. Alishuka njiani akatembea hadi Al Qusais, kwenye kiwanda cha Virginia. Alimkuta amesimama kwenye meza ndefu akikunja sare za walinzi, rangi ya sare ikiwa ileile aliyoivaa Hudson. Mashine zilikuwa zikinguruma nyuma yake. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama wima: rubani, jioni, gunia, taulo, simu. Hakujaribu kupunguza. Virginia aliendelea kukunja mpaka Hudson alipomaliza.

"Huyo dada anaitwa nani?" aliuliza.

 Hudson alikuwa amemsalimu kila asubuhi tangu apangwe geti lile. Alikuwa ameushika mkono wake na damu ikimpita kwenye vidole. Hakulijua jina lake.

"Nilikuambia uzungumze nao," Virginia alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. "Sikukuambia kwa sababu za biashara peke yake."

Akamuuliza anakusudia kufanya nini. Hudson alisema hajui, akisema ukweli atapoteza kazi na pengine arudishwe nyumbani, na kule nyumbani ana watoto shuleni. Virginia alisema ni kweli, yanaweza kutokea hayo yote. Alisema hawezi kumchagulia. Kisha akachukua mkoba wake, akamwambia msaidizi wake asimamie mashine, akampeleka Hudson hospitali kwa gari lake dogo la mizigo. 

Msichana aliitwa Frida. Alitoka Same, na alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa hadi kiwiko, na vidole viwili vya mwisho havikujibu alipojaribu kuvikunja. Daktari alikuwa amemwambia huenda vikarudi na huenda visirudi. Virginia alijitambulisha, akamwuliza amekula nini, akatoka kwenda kutafuta chai. Hudson alibaki amesimama mguuni pa kitanda.

Alimweleza kuhusu gunia. Alieleza namna mbwa anavyofundishwa, na kwa nini taulo lile lilionekana kwa mbwa kama mwaliko. Frida alisikiliza akitazama mkono wake.

"Kwa hiyo hakunichukia," alisema.

"Hapana. Alikuwa anacheza. Anacheza mchezo niliomfundisha mimi."

 Frida akasema kwamba anaogopa mbwa tangu utotoni, na siku ya kwanza alipofika kwenye nyumba ile alitaka kumwambia madam, lakini wakala alikuwa amemwonya kwamba mfanyakazi anayeanza kwa kuchagua kazi hurudishwa. Basi akaizungusha kamba mkononi akatoka naye. Kila asubuhi alipokuwa akipita getini alikuwa akihesabu nyumba zilizobaki. Wakati mwingine, alisema, alitamani yule kaka wa getini aje amshikie kamba hata mpaka kona. Alilisema hilo bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na Hudson akaona ingekuwa afadhali angemtukana.

Asubuhi iliyofuata alienda kituo cha polisi kabla hajaitwa, akaandikisha maelezo. Alisema alimfundisha mbwa wa mtu kuuma, bila kibali, kwa malipo, na kwamba Frida hakumchokoza mnyama. Askari aliyemhoji, kijana mwenye adabu, alimuuliza mara mbili kama anaelewa anachokisema. Hudson alisema anaelewa. Waliita mkalimani ili kuwa na uhakika, akarudia maneno yaleyale.

Yaliyofuata hayakuwa ya haraka. Alitozwa faini. Kampuni ya ulinzi ilivunja mkataba wake, na msimamizi aliyemletea barua alimwambia kwamba binafsi anasikitika. Alipewa muda wa kutafuta kafeel mwingine au kuondoka nchini. Familia ya rubani ilibidi igharamie matibabu ya Frida mpaka mwisho na kumwachia ahamie kwa mwajiri mwingine, jambo ambalo lisingewezekana kama angehesabiwa mchokozi. Rubani hakuzungumza na Hudson tena. Alipokutana naye getini, siku Hudson alipokuja kuchukua vitu vyake kibandani, alitazama simu yake mpaka Hudson akapita.

Zeus aliondolewa nyumbani kwa amri, akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea mbwa huko Al Quoz, katikati ya maghala. Mwenye nyumba ile aliitwa Raed, Mjordani mnene mwenye kikohozi, aliyetunza mbwa na paka wa watu waliosafiri. Alikuwa na leseni zote na wafanyakazi wachache. Katika wafanyakazi wale hakuna aliyethubutu kuingia kizimba cha Zeus. Walimpa chakula kwa kukisukuma kwa ufagio. Virginia aliyajua haya kwa kuwa blanketi za mbwa za Raed zilifuliwa kwake, kwenye mashine aliyoitenga mbali na sare za watu.

Alimwambia Hudson aende kwa Raed kuomba kazi. Alimwambia pia aanze na kusema kila kitu, kabla Raed hajauliza. Hudson aliuliza kama yeye atampigia Raed simu kumwombea. Virginia alisema hapana.

Raed alimsikiliza akiwa ameketi juu ya gunia la chakula cha paka. Maswali yake yalikuwa mawili. La kwanza, kama maneno aliyoyasema hapa ndiyo aliyoyasema polisi. La pili, kama anajua kuosha vizimba. Hudson alijibu ndiyo kwa yote. Raed akasema, "Yalla, anza na vizimba." Hakutaja mafunzo ya mbwa hata kidogo. Alimshughulikia karatasi za viza na kumpa bomba la maji na buti za mpira.

Aliosha vizimba kwa miezi. Siku ya pili aliingia kwenye kizimba cha Zeus, akamtembeza, akampiga brashi, lakini mkono wa gunia mbwa hakuuona tena. Hudson alimfundisha kupuuza: alipita mbele yake amebeba taulo, amebeba mashuka, amezungusha koti mkononi, siku baada ya siku, mpaka mbwa akaanza kutazama pembeni. Hata hivyo Hudson aliandika kwenye kibao cha kizimba kwamba mbwa huyu asipewe nyumba yoyote. Raed alisoma, akanung'unika juu ya gharama, akakiacha kibao.

Jumapili aliendelea kwenda Al Nahda. Sasa aliketi nyuma. Safari hii alilitimiza lile sharti la pili la Virginia. Siku zake za mapumziko alirudi Mirdif na mitaa mingine kama hiyo, akasimama kwenye bustani ambako wafanyakazi wa nyumbani na madereva hupeleka mbwa asubuhi, akawauliza majina, akawauliza mbwa wao wanawafanyia nini. Wengine walimkwepa. Wengi walizungumza mpaka mbwa wakachoka. Mkenya mmoja aliyeitwa Damaris alimwonyesha bega lililotoka mahali pake kwa kuvutwa. Dereva mmoja alikiri kwamba humfungia mbwa ndani ya gari lenye kipoza hewa na kulala, kwa vile hajui afanye nini naye. Hudson alikuja darasani akasema amekosea mteja. Wenye mbwa wanalipa, alisema, lakini wanaohitaji kufundishwa ni hawa wanaoshika kamba.

Virginia aliomba kuona hesabu zake, akazirudisha mara tatu zikarekebishwe. Mara ya nne alienda naye kwa Raed, kuomba mafunzo yafanyike uani kwake chini ya leseni yake. Raed alikohoa, akabishana juu ya kivuli cha uani na maji ya kunywa, mwishowe akasema, "Khalas, tujaribu."

Kabla ya kuanza, Hudson alimpigia Frida simu. Wakati huo Frida alikuwa akifanya kazi kwenye shule ya watoto wadogo huko Al Nahda. Kidole kimoja kilikuwa kimerudi, cha pili hakijarudi. Hudson alimweleza habari za mafunzo, akamuuliza kama angekuja siku ya kwanza aseme na wenzake, akamwambia kwamba angelipwa.

"Mimi sitaki kumwona mbwa tena, kaka Hudson," alisema. "Sikuombei mabaya. Ila sitaki."

Hudson alisema ameelewa, akamwomba radhi kwa kumsumbua. Alikuwa karibu kukata simu Frida aliposema tena.

"Uwaambie wanaweza kukataa. Hilo ndilo nililokuwa sijui."

Siku ya kwanza walikuja watu wachache, wanawake, Damaris akiwamo, na dereva mmoja, wametumwa na waajiri wao. Hudson aliwakalisha kivulini, akawauliza majina kwanza, akayarudia mpaka akayashika. Kisha akasema kwamba kabla hajawaonyesha lolote, kuna jambo la kuwaambia: asiyetaka kumshika mbwa aseme sasa, na yeye atamwandikia mwajiri wake kwa karatasi ya hapa, yenye mhuri, kwamba kazi hiyo haimfai. Wakatazamana. Mwanamke mmoja kutoka Bukoba, Redempta, mtu wa makamo mwenye kilemba cha samawati, aliinua mkono. Alisema ana sukari, kidonda chochote kwake ni hatari, na mbwa wa nyumba anayofanyia kazi wana meno makali.

Hudson aliandika karatasi, Raed akagonga mhuri akiwa amekunja uso. Kesho yake mwajiri wa Redempta alipiga simu. Raed aliisikiliza kwa muda mrefu akisema yes madam, yes madam, kisha akamwita Hudson. Alimwambia amepoteza mteja siku ya kwanza tu, tena mteja mwenye mbwa wawili, na kwamba hajawahi kuona mtu anayefungua duka na kuanza kwa kuwafukuza wanunuzi. Hudson alisema ni kweli. Alisema pia kwamba akiambiwa aiondoe sehemu ile ya mafunzo, ataacha kufundisha na kurudi kwenye vizimba. Hakusema kwa ukali. Raed alikohoa, akatoka nje kuvuta sigara, na suala lile hakuligusa tena siku hiyo wala iliyofuata.

Hudson alipomsimulia Virginia, Virginia alikuwa amejiinamia ndani ya mashine iliyoharibika, simu iliyowashwa taa ikiwa kinywani. Aliitoa akasema kwamba mwaka wake wa kwanza alipoteza hoteli nzima kwa sababu alikataa kuwafulisha wasichana wake usiku kucha. Hakusema kama hoteli ile ilirudi. Alimwomba Hudson amshikie bisibisi.

Wiki iliyofuata waliokuja waliongezeka kidogo. Hudson alikuwa akiwapanga kivulini pale gari jeupe liliposimama nje ya geti la Raed. Mlango ulifunguliwa, wakashuka mbwa wawili wakubwa wenye manyoya mengi, na nyuma yao madam mwenye miwani ya jua, amezungusha kamba mkononi mara mbili, akivutwa hadi viatu vikateleza kwenye mchanga. Alikuwa amekasirika na hakuficha. Alisema kwa Kiingereza kwamba mfanyakazi wake, Redempta, amegoma, mumewe hana muda, kwa hiyo amekuja mwenyewe, na anatumaini hili halitachukua asubuhi nzima.

Hudson alimuuliza jina lake. Kisha akamwonyesha nafasi iliyobaki, kati ya Damaris na dereva, akamwambia kwanza aifungue ile kamba mkononi.